Akienda Mkutanoni Achukue Nini?

Kwetu Tabora neno safari si geni. Babu zetu walikwenda pwani na kurudi kwa miguu, wamejitwika meno ya tembo wakati wa kwenda na marobota ya nguo wakati wa kurudi. Lakini mwaka huu nimeona safari moja ndogo iliyowatoa watu jasho nyumbani kwa dada yangu, nami nimeona vema niwasimulie wasomaji, kwa kuwa siku hizi vijana wetu wengi huitwa mikutanoni, na wazazi hubaki wakijiuliza wawafungie nini.

Binti wa dada yangu aliitwa Dar es Salaam katika mkutano wa watu wanaoandika habari za vijijini. Mkutano wenyewe ni wa siku 2. Matayarisho yalikula majuma 3, tena na ugomvi ndani yake.

Huyu mpwa wangu alimaliza kidato cha nne akarudi nyumbani kulima na mama yake. Mchana yuko shambani, jioni huandika. Mwaka jana, wakati wa mavuno, aliazima mizani ya kuning'iniza, akawa anapima magunia ya mahindi ya majirani kabla hayajapandishwa kwenye gari la mnunuzi. Ninyi wakulima mnaijua lumbesa, haina haja ya kuelezwa sana: gunia likishajaa huongezewa kichwa, kichwa kikafungwa kwa kamba, likasimama kama mama aliyejitwika mtungi. Bei ni ya gunia moja tu. Sheria ya vipimo inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100. Mizani ya binti haikukubaliana na sheria hata siku moja. Basi akawa anaandika katika daftari lake: tarehe, jina la mwenye mahindi, uzito, na fedha iliyolipwa. Mwisho akatunga habari, akaipeleka, ikasomwa na wengi. Wenye mkutano wakamwita aje aieleze mwenyewe kwa dakika 10.

Mama yake alipiga vigelegele. Baba yake alinyamaza. Jioni nilipofika, shemeji yangu alikuwa amekaa kwenye kigoda anachonga mpini wa jembe, wala hakuinua macho.

"Karibu, shemeji," akasema. "Umekuja kumsindikiza mwanao?"

"Nimekuja kusikia habari," nikamjibu.

"Habari ni hizi. Huyo mnunuzi anayekwenda kusemwa Dar ndiye anayetukopesha unga mwezi wa pili, ghala likiwa tupu. Akisikia jina lake limetajwa mbele ya watu, atatukopesha tena? Au utatulisha wewe, shemeji, kwa pensheni yako ya ualimu?"

Lilikuwa swali la haki kabisa. Sikuwa na jibu, na mwalimu asiye na jibu husimulia hadithi. Nikaomba maji ya kunywa, nikaanza habari za Kwihara.

Wasomaji wa Tabora wanapajua Kwihara, kilomita chache tu kutoka mjini, palipo na ile tembe ya kumbukumbu ya Dokta Livingstone. Watoto wa shule hupelekwa pale, huonyeshwa vyumba, kisha hurudi wakikumbuka zaidi soda waliyokunywa njiani. Mimi mwenyewe nimewapeleka mara nyingi. Lakini jambo kubwa la nyumba ile ni kwamba palikuwa mahali pa kufungia mizigo. Mwaka 1872 safari 2 zilifungwa pale, moja ya kwenda mkutanoni, moja ya kwenda mautini.

Kwanza lakini niseme habari za wapagazi wetu, maana ndio waliokuwa mafundi wa kazi hii. Mnyamwezi aliyetaka kwenda pwani hakuamka tu asubuhi akaondoka. Aliangalia shamba lake na majira. Alifikiri nani atakayepalilia akichelewa, nani atakayeangalia nyumba. Alichukua mkeka wake na chungu chake pamoja na wenzake wa kambi moja, kisha ndipo mzigo wenyewe: frasila 2, yaani kama kilo 32 hivi, begani au kichwani. Mbele yao alitangulia kiongozi wa msafara mwenye bendera. Kati ya Unyamwezi na Ugogo lilikuwapo pori la Mgunda Mkali, ambako maji yalikuwa adimu, na mbele yake Ugogo kwenyewe palikuwa na hongo za kulipa. Mwaka 1857 Waingereza Burton na Speke walitumia siku 134 kutoka pwani mpaka Kazeh, ndiyo Tabora yetu. Basi leo huondoka Tabora alfajiri, na usiku abiria wamefika Dar es Salaam.

Na vipimo, je? Hapo shemeji alisimamisha kisu chake kidogo. Posho ya mpagazi ilipimwa kwa kibaba, na kibaba kilikuwa cha namna mbili: cha mfuto, kilichosawazishwa kwa mkono juu, na cha tele, kilichorundikwa mpaka kikamwagika. Nguo ilipimwa kwa mkono: mikono 4 ni shuka moja, mikono 8 ni doti. Sasa, mkono wa nani? Mwenye kununua angependa apimiwe na mtu mrefu, mwenye kuuza angemleta mfupi. "Kumbe lumbesa ni ya zamani," akasema shemeji. Nikasema naam, imebadili vazi tu.

Basi nirudi Kwihara. Tarehe 18 Februari 1872 walifika pale watu wawili kutoka Ujiji: Livingstone, mzee aliyechoka, na Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald la Marekani, aliyetumwa kumtafuta. Wakakaa pamoja chini ya mwezi mmoja. Tarehe 14 Machi Stanley akashika njia ya kurudi pwani. Katika mizigo yake kilikuwamo kitu kimoja kilichokuwa bora kuliko pembe zote zilizopita njia ile mwaka huo: kitabu kikubwa cha kumbukumbu za Livingstone za tangu mwaka 1866, kimefungwa na kutiwa lakiri ili mtu asikifungue njiani, kipelekwe kwa binti yake Agnes huko Uingereza. Pamoja nacho zilikuwapo barua. Wataalamu wa leo hukiita kitabu kile kwa jina la Unyanyembe, kwa kuwa ndiko kilikotoka.

"Mjomba," akadakia mpwa wangu, aliyekuwa anatwanga huku anasikiliza, "kwa nini kisifunguliwe?"

"Ngoja," nikasema, "utaona faida yake kwenye mkutano."

Labda wengine hamjui kwamba habari za Tabora zilikwisha kujadiliwa katika mikutano mikubwa ya wataalamu wa Uingereza. Mwaka 1858 Speke alimwacha mwenzake Burton hapa Kazeh, akaenda kaskazini na kuliona ziwa kubwa la Nyanza tarehe 3 Agosti. Aliporudi Kazeh mwezi ule ule akisema nimeona chanzo cha mto Nile, Burton hakusadiki, naye Speke hakuwa na vipimo vya kutosha vya kumfunga mdomo. Ule ubishi walioanza hapa Tabora, penye nyumba za udongo, ukawafuata mpaka Ulaya. Mwaka 1864 wakaitwa wote wawili katika mkutano mjini Bath, wasimame mbele ya watu siku ya tarehe 16 Septemba. Burton akafika na karatasi zake. Speke hakufika. Jana yake, akiwa mawindoni, alikufa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe. Mimi huwa nawafikiria sana wale wawili: walikula chungu kimoja miezi na miezi, wakauguzana, halafu wakashindwa kukutana kwa saa moja.

Sasa ikaja zamu ya Stanley. Aliitwa Brighton, tarehe 16 Agosti 1872. Watu kama 3,000 walijaa ukumbini, hata Napoleon wa Tatu, aliyekuwa mfalme wa Ufaransa kabla ya kuondolewa, alikuwapo na mkewe. Wengi walikwisha kunong'ona kwamba huyu mwandishi hakumwona Livingstone kabisa, ametunga tu ili auze gazeti. Mwenyekiti, Bwana Francis Galton, aliwaonya wazi kwamba hawakukutana kusikiliza hadithi za kusisimua bali mambo ya hakika. Stanley alikasirika sana, maana alikuwa mtu wa hasira za karibu. Lakini hasira yake isingemsaidia kitu kama mikono ingekuwa mitupu. Kilichomwokoa ni mzigo wa Kwihara. Kitabu kilikwisha kufika kwa wenyewe na lakiri yake. Jamaa za Livingstone walikwisha kuuona mwandiko, wakakiri kuwa ni wa baba yao. Mwandiko wa baba hauigwi kirahisi mbele ya mtoto wake.

Nilipofika hapo shemeji akaweka mpini chini. "Kwa hiyo unasema binti achukue daftari?"

"Achukue daftari," nikasema.

"Hilo amekwisha kulipanga," akajibu mama yake kutoka jikoni. "Tena ananunua jipya."

Na hapo ndipo tulipogundua kosa. Mpwa wangu alikuwa ameona aibu juu ya daftari lake. Ni kweli lilikuwa halitazamiki: limepata vumbi, jani moja lina alama ya chai, kurasa nyingine zimeandikwa kwa penseli, penginepo amekata na kuandika upya. Basi alikuwa amenunua daftari kubwa lenye jalada gumu, anaandika yote upya kwa kalamu ya wino, mistari imepigwa kwa rula. La zamani alikusudia kuliacha chini ya godoro.

Nikamwambia, mwanangu, sikiliza habari ya pili ya Livingstone.

Mwaka 1871 mzee yule alikuwa Nyangwe, ng'ambo ya ziwa Tanganyika, katika nchi ambayo leo ni Kongo. Karatasi zilimwishia. Wino ukamwishia. Mtu mwingine angesema, nitakumbuka kwa kichwa. Yeye alitwaa gazeti kuukuu la kwao, akaandika juu ya maandishi ya chapa, amekingamisha mistari, na wino akautengeneza kwa matunda ya porini. Siku ya tarehe 15 Julai aliona kwa macho yake wafanyabiashara wa watumwa wakipiga bunduki sokoni, katikati ya akina mama waliokuja kuuza samaki na vyungu. Mamia ya watu waliuawa, wengine kwa risasi, wengine kwa kuzama mtoni. Aliandika siku hizo hizo, juu ya gazeti.

Habari ile iliyotoka Nyangwe ikapita Ujiji, ikapita Kwihara, ikafika Uingereza katika barua zake. Ilipofika iliwatia watu uchungu, ikaongeza nguvu ya wale waliokuwa wakidai biashara ya watumwa ikomeshwe. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba, na soko la watumwa la Zanzibar likafungwa. Sisemi kwamba karatasi moja ilifanya yote hayo. Nasema ilikuwamo.

Lakini sikieni upande wa pili, maana ndio uliomhusu mpwa wangu. Baadaye Livingstone alipopata karatasi nzuri alinakili mambo yake katika kile kitabu kikubwa. Yale magazeti kuukuu yakabaki, wino wa matunda ukafifia mpaka hausomeki kwa macho. Miaka 140 ikapita. Mwaka 2011 wataalamu waliyapiga picha kwa taa za rangi mbalimbali, nyingine zisizoonekana kwa jicho la mtu, maandishi yakatokea tena. Walipoyalinganisha na nakala safi wakakuta tofauti. Katika maandishi ya kwanza mzee ana mashaka na maneno makali zaidi juu ya watu wa msafara wake mwenyewe. Alipokaa kunakili, akayalainisha.

"Wewe je," nikamwuliza mpwa wangu, "katika kunakili hukulainisha kitu?"

Aliacha kutwanga. Akanyamaza kitambo. Kisha akaingia ndani, akaleta madaftari yote mawili, tukayaweka juu ya mkeka, taa katikati. Kweli, kulikuwa na magunia mawili ambayo hayakuonekana katika daftari jipya. Yalikuwa ya baba yake. Siku ile shemeji mwenyewe ndiye aliyeyajaza lumbesa bila kuambiwa na mtu, apate kuyauza upesi kabla mvua haijayakuta nje. Binti aliona vibaya kumwandika baba.

Nani aseme neno hapo? Nilisikia hata panya darini. Shemeji alilitazama lile daftari chafu kwa muda mrefu, akalirudisha kwa binti yake.

"Nakili," akasema. "Andika na langu. La sivyo watasema unapima ya wenzako tu."

Tangu jioni ile matayarisho yakabadilika. Kazi ya kwanza ikawa kuzunguka kwa majirani wote ambao majina yao yamo. Nilimwambia binti: jina la mtu ni mali yake, usisafiri nalo bila kumwambia. Akaenda nyumba kwa nyumba, asubuhi kabla ya watu kutoka shambani. "Mwangaluka, mama. Nakwenda kusoma jina lako Dar, waniruhusu?" Wengi walikubali, tena kwa kicheko. Mzee mmoja alikataa katakata, akasema deni lake kwa mnunuzi halijaisha. Mama mmoja mjane alitaka usomwe uzito lakini jina lifichwe. Binti akaweka alama ya msalaba mdogo kwa penseli penye majina ya namna hiyo, yasitamkwe.

Kazi ya pili aliichukua shemeji mwenyewe, wala sikutazamia. Alivaa koti lake la Jumapili siku ya Jumatano, akaenda kwa mnunuzi. Alituambia baadaye walivyozungumza. "Nimekuja kukuambia mwenyewe, usije ukasikia barabarani. Mwanangu anakwenda kueleza habari za magunia. Jina lako hatalitaja, lakini wewe utajijua." Yule bwana kwanza alicheka, kisha akakunja uso, kisha akamwambia jambo ambalo hatukulijua. Alisema hata yeye akifika mjini na gunia lililosawazishwa, wale wa sokoni hulisukuma kando, wakasema hilo ni pungufu. Wamezoea lumbesa, nao huipima kwa debe wanapouza rejareja, faida ikawa ndani ya kile kichwa. "Mwambie na hayo ayaseme," akamwambia shemeji. Habari ya mkopo wa mwezi wa pili hawakuizungumza. Shemeji aliogopa kuuliza, na mwenzake hakujitolea kusema.

Binti aliyaandika maneno yale katika ukurasa wa mwisho wa daftari la zamani. Naona ule ndio ukurasa bora wa daftari zima.

Mambo mengine nayataja kwa haraka, maana kila mama anayajua. Nauli ilipatikana kwa kuuza mbuzi mmoja, na kidogo nikaongeza mimi. Wenye mkutano waliahidi kurudisha fedha akifika na tiketi yake, kwa hiyo tiketi ilishonewa mfuko wake. Kitambulisho, waya wa simu, kanga 2, sweta ya ndani ya basi. Anuani na simu ya shangazi yake wa Dar viliandikwa katika karatasi mbali na simu, kwa kuwa simu ikizimika hata namba nazo huzimika. Chakula cha njiani kilikuwa karanga na matobolwa. Watu wa mjini huyacheka matobolwa yetu mpaka wayaonje. Chupa ya asali ya miombo ikawa zawadi ya shangazi, imefungwa mifuko mitatu, maana asali ikipasuka ndani ya mfuko wenye daftari ni msiba.

Nikakumbuka tena Kwihara. Livingstone alibaki pale akingoja watu ambao Stanley aliahidi kumpelekea kutoka pwani. Alingoja miezi 5 kamili. Katika kungoja alitengeneza jibini kwa maziwa ya ng'ombe wake, iliyotoka chachu kidogo, akasagisha unga wa mchele kwa safari. Tarehe 14 Agosti wale watu 57 wakafika. Siku 2 baadaye Stanley alikuwa amesimama mbele ya watu kule Brighton, naye mzee alikuwa Kwihara akigawa mizigo; hakuna aliyejua mwenzake anafanya nini saa ile. Tarehe 25 Agosti akaondoka. Siku chache tu njiani wachungaji wakazembea, ng'ombe mmoja akapotea. Yeye mwenyewe hakurudi. Alikufa mwanzoni mwa Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia.

Sasa hapo tazameni kazi ya wale watu. Susi na Chuma na wenzao waliyafungua masanduku ya marehemu mbele ya wote, ili pasiwe na maneno baadaye, na kijana Jacob Wainwright, aliyejua kusoma na kuandika, akaorodhesha kila kilichokuwamo: fedha kidogo, kofia, saa, vyombo vya kupimia. Waliukausha mwili, wakaufunga kwa nguo na gome la mti, wakaubeba. Walipofika Kwihara mwezi wa Oktoba, Mwingereza Cameron waliyemkuta pale aliwashauri wauzike hapo hapo. Wakakataa. Mbele zaidi, watu wa njiani walipokataa maiti kupita kwao, waliufunga upya kama robota la nguo, wakafanya hila ya kurudisha mzigo wa uongo Unyanyembe. Februari 1874 walifika Bagamoyo, wakaupumzisha mwili kwa Mapadre wa Roho Mtakatifu. Na madaftari yake ya mwisho yalifika pamoja nao, hata vile vitabu vidogo vya mfukoni, mwandiko umetetemeka kwa ugonjwa. Mwaka ule ule yalipigwa chapa. Hakuna aliyewaagiza kuyaleta.

Habari hii niliisimulia usiku wa mwisho. Dada yangu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akatwaa kipande cha karatasi, akamwambia binti yake asome kila kilichomo mfukoni, yeye aandike. Akaandika kwa mwandiko wake wa darasa la nne, herufi kubwa kubwa: KANGA 2. SWETA 1. ASALI 1. DAFTARI CHAFU 1. DAFTARI SAFI 1. Karatasi akaibana kwa pini ndani ya kifuniko cha mfuko.

Alfajiri tulikwenda kituoni sote wanne. Kulikuwa na baridi ya Juni, ile inayoingia masikioni. Kijana wa basi akataka kuutupa mfuko chini kwenye buti pamoja na magunia na kuku. Binti akakataa, wakabishana kidogo, mwisho akafungua zipu, akatoa madaftari, mfuko ukaenda chini, yeye akapanda akiwa ameyakumbatia kama mtoto. Shemeji hakumpungia mkono. Alisimama tu mpaka basi lilipopinda kona, kisha akaniambia, "Twende, shemeji. Mwezi wa pili uko mbali bado."

Saa nne asubuhi simu yangu ikalia. Alikuwa amefika Itigi, abiria wameshuka kunyoosha miguu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mama. Hapo ulipo ndipo palipokuwa Mgunda Mkali, umeona maji?"

"Yapo, mjomba, ya chupa. Shilingi mia saba."

"Na daftari?"

"La safi nimeliweka kitini. Lile chafu nimeshuka nalo."